Safu Inayosomwa Ijumaa

Saa mbili asubuhi, meza ya mfamasia imejaa vidonge. Seremala mstaafu amemwaga mfuko mzima: pakiti zilizokatwa nusu, chupa isiyo na lebo, na vidonge viwili vya njano vilivyofungwa kwenye karatasi.

"Haya, Mama Futa," anasema, akiegemeza mkongojo ukutani. "Leo unanifutia kipi?"

Jina hilo wamembandika wagonjwa wa zahanati hii, naye amelizoea. Kila siku hupitia dawa za watu wapatao ishirini, kisha humwandikia daktari mapendekezo kwenye daftari lenye safu tano: simamisha, punguza, badili, ongeza, fuatilia. Kwa mwezi mapendekezo hayo hufika mia moja na arobaini.

"Watu wanadhani kazi ni kujua dawa," anasema. "Dawa nilizisomea. Kinachoniumiza kichwa ni kuamua niandike safu ipi."

Ana sababu. Daktari ni mmoja, na foleni haimpi nafasi hata ya kumeza mate. Safu nne za kwanza huzisoma siku hiyohiyo. Ya tano, fuatilia, huisoma Ijumaa.

Mwaka jana, Jumatatu moja, mzee huyu alilalamika kwamba anasikia kizunguzungu akiinuka kitandani. Alikuwa akimeza dawa mbili za presha na moja ya usingizi. Mfamasia alisita, akaandika: fuatilia. Jumatano mzee akaanguka bafuni, akavunjika nyonga.

"Niliogopa kuonekana namfundisha daktari kazi," anasema, macho yakiwa kwenye vidonge. "Ile ya usingizi ilikuwa ya kusimamisha, na nilijua. Nilienda wodini kumwomba radhi."

Mzee anadakia: "Nikamwambia, mwanangu, radhi nimekupa. Sasa randa yangu nani ataishika?" Anacheka peke yake.

Tangu hapo, kabla ya kuandika, mfamasia hujiuliza: hili likingoja hadi Ijumaa, mtu ataumia? Jibu likiwa ndiyo, haliachi daftarini tu. Hulipeleka mwenyewe.

Anafungua ile karatasi. "Hivi vya njano umevitoa wapi, mzee wangu?"

"Jirani kanigawia. Usingizi ulinikimbia."

"Na kizunguzungu?"

Mzee anajikuna kidevu. "Kidogo tu. Tangu juzi."

Mfamasia anaandika simamisha, anabeba daftari na kupenya foleni hadi mlango wa daktari. Wanaosubiri wanaguna. Anarudi na saini, anavichukua vile vya njano, na mzee anaviaga kwa macho.

Mwezi ujao daftari jipya litachapwa. Ameomba swali lake liwekwe juu ya kila ukurasa. Bado hajajibiwa, na anasema hatachoka kuuliza.

"Atakayekaa kiti hiki baada yangu," anasema, akimshika mzee mkono ainuke, "asijifunze kwa nyonga ya mzee wa watu."