Masaa Saba Yaliyofichwa Kati ya Entebbe na Montréal

Kwetu, firigisi ya kuku huliwa na mwanaume mkubwa wa nyumba. Papa, baba mzazi, alipofariki nilihesabu waliobaki, nikahesabu tena: mkubwa ni mimi, na mdogo wangu yuko Kanada. Kumbe nilihesabu bila mama. Kila Jumapili baada ya misa, nyumbani kwake Keshero, hapa Goma, aliiweka ile firigisi kwenye kisahani chake, akaila mwenyewe, polepole.

"Ninakula kwa nafasi ya mudogo wako," alisema. "Mwenye alipanda ndege ndiye mwenye firigisi."

Vita vilitutawanya tukiwa Kiwanja. Mdogo wangu alikimbilia Uganda, akakaa kambini miaka mingi, mwishowe akachaguliwa kwenda Kanada. Majirani waliijua safari yake kama wanavyoijua Baba Yetu: alipanda ndege Entebbe saa mbili asubuhi, akabadilisha Bruseli, akashuka Montréal saa kumi na mbili jioni, siku ileile. Masaa kumi! Mama alivyoitamka hiyo kumi, ungedhani ndege aliisukuma yeye.

Mimi, kutoka Kiwanja hadi Goma, kilomita sabini na kitu, nilitumia siku tatu kwa miguu, godoro la mama kichwani. Wivu ulinizidi, nikamkumbusha.

"Ile tulitembea tu, mutoto wangu," akanijibu. "Hata mimi nilitembea. Nani alinipa firigisi?"

Lakini mimi ni muuza maharagwe. Mtu akikutajia kilo haraka hivyo, ujue gunia lina mawe. Masaa kumi kuvuka Afrika, Ulaya na bahari nzima? Jumapili iliyofuata simu ya mdogo wangu ilipoingia tukiwa mezani, nilimwahi mama.

"Huko ni saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi, yaya," akajibu, yaya kwetu ni kaka mkubwa. "Ndiyo naamka. Leo munakula kuku?"

"Acha kuku. Nimeuliza saa."

Kwetu ilikuwa saa saba mchana. Tofauti, sita. Uganda inatutangulia kwa saa moja, basi saba. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia. Saa ya Montréal iko nyuma, ndiyo maana alifika jioni ileile. Kuna masaa saba ambayo saa za ukutani zilimfichia. Nilifurahi kumkamata hata sikutazama hesabu inaelekea upande gani. Nikakata simu.

"Mama, uyu mutoto alitudanganya! Si masaa kumi. Ni kumi na saba!"

Mama aliweka kijiko chini. Macho yakamjaa machozi.

"Kumi na saba! Mutoto wangu, bila kunyoosha miguu! Na mimi, miaka yote hii, nilikuwa namupunguzia saba!"

Akaimaliza firigisi kwa heshima zote. Kisha akalitazama paja lililokuwa kwenye sahani yangu, akalitazama sana. Nikalila upesi, kabla hajauliza pale Bruseli mtoto alingoja masaa mangapi, akalidai na paja kwa nafasi yake.