Nywele za Kufukuzia Fuko

Kuna jambo linanichoma hadi leo, na nikianza kulisimulia kwa mdomo sauti hunipanda, basi afadhali niliandike.

Mzee wa ng'ambo mwenye ndevu nyeupe akitokea kwenye sinema, akagonga fimbo chini na moto ukatoka, vijana wa Kibomet wanapiga makofi. "Huyo mzee ni mnoma, bana!" Wanamtakia ushindi. Akiita roho za wafu zimsaidie vitani, wanasimama juu ya viti. Lakini nyanya yangu wa Malakisi, mwenye fimbo ya mpera kwa sababu ya goti, akiinama kuokota nywele sakafuni, huyo wanamwita mchawi. Hapakuwa na moto wala joka. Palikuwa na mama mkongwe na mfuko wa unga mtupu.

Mimi ni msusi. Shule niliiachia kidato cha pili, nikaingia saluni ya mabati hapa Kibomet, mtaa wa Kitale, yenye draya moja inayotetemeka kama ina homa kila stima inaporudi. Naipenda kazi yangu. Nikisuka, kichwa changu huenda mbali, na mdomo hukifuata. Rasta ndogondogo ni za kutwa nzima, na mteja aliyenyamaza huanza kusikia uchungu. Kwa hiyo nikaanza kuwasimulia juu ya nchi moja niliyoibuni mwenyewe.

Nchi yenyewe haina jua. Ina mlima tu, kama Elgon wetu, ila ni mweusi na huwaka kwa ndani kama kaa la moto, na watu hulima kwa mwanga huo. Ina miungu wawili: mweupe aliyeumba na mweusi anayeharibu. Hawa sikuwatoa hewani. Kukhu, ndivyo sisi tunavyomwita nyanya, alinieleza nikiwa mdogo kwamba wazee wa zamani kabla ya kanisa walimjua Mungu muumba, na walimwogopa mwingine, yule mweusi, mwenye kuleta mikosi. Hayo mengine ni yangu. Katika nchi yangu roho ya mtu haikai kifuani, inakaa kwenye nywele, ndiyo maana nywele hukua hata mtu akilala. Mungu mweusi ana upara kama sufuria. Hana roho yake mwenyewe, basi huzunguka usiku na mchana akitafuta za wengine.

Na uchawi wa nchi hiyo una chemchemi moja tu: unywele uliotolewa na mwenyewe kwa hiari. Ulioibwa hauwashi hata mshumaa. Hiyo ndiyo sheria, na nilikuwa naisisitiza. Mungu mweusi ana mapango yamejaa nywele za wizi na bado anatetemeka kwa baridi.

Wateja walipenda. "Sasa mume wangu mwenye kipara, hana roho?" aliuliza mama mmoja kijana, mkaaji wa nyuma ya saluni.

"Alikuwa nayo," akajibu mwenye saluni, "wewe ndiye umeimaliza."

Tukacheka mpaka kichana kikaanguka.

Lakini angalieni jambo hili. Wateja haohao, wakimaliza kucheka, kabla ya kutoka huuliza: "Zangu ziko wapi?" Nywele zilizotoka kwenye kichana huziviringisha ndani ya tishu na kuzitia mkobani, wakazichome nyumbani. Kila mtu huku kwetu anajua sababu, na hakuna anayeisema. Ukiwauliza watakuambia ni usafi. Mimi sikuwahi kuwacheka kwa hilo. Zinazosahauliwa tulizifagia.

Basi kukhu akaja Kitale kwa matibabu ya macho, akakaa kwangu. Chumba kimoja kinamchosha mtu aliyezoea shamba, kwa hivyo nikawa naenda naye kazini, anakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Siku ya kwanza tu aliona nikifagia, uso wake ukawaka.

"Hizi mnatupa?"

"Tunatupa, kukhu."

"Mnatupa mali!"

Akatueleza. Shamba lake la viazi vitamu lilikuwa limevamiwa na fuko. Wanakula kutoka chini, wewe juu unaona majani mazuri, ukivuta unapata ganda. Dawa yake tangu zamani ni nywele za watu. Unafungua tundu, unazisukuma ndani, unafunika. Fuko hapendi harufu yetu, na zikimnasa menoni anajuta. Kijijini nywele ni shida kupata, maana kila mtu anaficha zake.

Aliomba ruhusa. Nataka hilo lijulikane. Alimgeukia mwenye saluni na kusema, "Mama, naweza kuokota?" Mwenye saluni akamjibu, "Chukua zote, mama, unanipunguzia taka." Kukhu akaketi akichambua, nywele halisi huku, rasta za plastiki kule. "Hizi za plastiki," akasema, "fuko atazifanya godoro la watoto wake."

Yule mama kijana alikuwepo akicheka na sisi. Nilikuwa nimemfumua nusu ya kichwa, ndipo mtoto wake alipoamka akilia huko nyumba ya nyuma, akanyanyuka mbio na kitambaa. Nywele zake akazisahau. Kukhu akazifagia pamoja na nyingine.

Baada ya siku chache mtoto akashikwa na homa.

Walikuja asubuhi. Mama kijana mbele, wanawake wawili wa kikundi chake cha maombi, na mumewe nyuma amembeba mtoto. Kukhu akawaamkia kwanza, kama mtu mwenye adabu. "Mulembe." Hakuna aliyeitikia, na hiyo ni salamu ya amani.

"Nywele zangu ziko wapi?"

Kukhu akanyanyua ule mfuko wa unga. "Zimechanganyika na za wenzako, mwanangu. Kwani na wewe una fuko?"

"Mmeona?" mmoja wa wale wawili akapiga kelele. "Ameonyesha mwenyewe! Hata hajalazimishwa!"

Mwenzake akaninyooshea kidole. "Si huyu mjukuu alisema? Roho inakaa kwa nywele! Alisema hapa hapa, mimi nikiwa chini ya draya!"

"Hiyo ni hadithi, aunti! Niliibuni nikikusuka wewe!"

"Ati kubuni! Msichana wa umri wako atabuni miungu? Umefunzwa. Na aliyekufunza ndiye huyo."

Nilitaka kuwaambia kwamba hata hadithi yenyewe hawakuisikiliza. Za wizi hazifanyi kazi! Nilisema kila siku! Kama kukhu angekuwa mchawi wa nchi yangu, mfuko wote ule usingemsaidia kitu. Lakini unajua hasira, inakuja na maneno yote kwa pamoja na mlango ni mmoja.

Kukhu ndiye aliyeuliza swali la maana. "Mtoto amepelekwa hospitali?"



"Tumemwombea," akasema mama kijana, akimgusa mtoto paji la uso.

"Ombeni mkiwa njiani, mwanangu. Homa ya mtoto haingoji amina."

Mume hakungoja pia. Aligeuka na mtoto wake akaenda, na mama kijana akamfuata. Wale wawili wakabaki kumaliza kazi. Mfuko wakaupokonya, wakaumwaga kando ya barabara, wakaomba mafuta taa dukani na kuwasha. Watu walikuja kutazama. Kukhu alisimama na fimbo yake akitazama viazi vyake vikiungua. Kisha mwenye saluni akatoka, akiangalia vichana vyake mkononi badala ya kutuangalia sisi.

"Mama, naomba usirudi hapa. Nina biashara."

"Si ulimwambia achukue?" nikasema. "Kwa mdomo wako!"

"Nilisema taka. Sikusema hayo mengine."

Yapi mengine? Mpaka leo namuuliza moyoni.

Hospitalini walipima damu, ikawa ni malaria. Mtoto akapewa dawa, akapona, na mimi nilishukuru kweli, maana nampenda yule mtoto, hucheka ukimwonyesha kichana. Nikangoja waje waseme pole. Unajua walisema nini? Walisema moto ndio uliomponya. Mtoto amemeza dawa asubuhi na jioni, shukrani zikaenda kwa mafuta taa! Hapo nilichemka mpaka nikashindwa kula, na mimi si mtu wa kukataa chakula.

Kumbe neno lilikuwa limeshafika Malakisi. Mmoja wa wale wawili ana dada aliyeolewa huko, jirani kabisa na kukhu, mpaka wao ni ua tu. Mjomba wangu, mwanawe kukhu, akapiga simu kutoka huko.

"Mama akae huko kwanza. Vijana wanaongea vibaya."

"Wanasema nini, mjomba?"

"Wanasema akirudi wataiwasha nyumba."

Simu yangu ina sauti kubwa. Kukhu alikuwa kitandani, akasikia kila neno.

Mjomba alikuwa na wazo. Lile kundi la maombi lilikuwa tayari kupiga simu Malakisi na kusema mama ni safi, lakini kwa sharti moja: sisi wawili tusimame mbele yao tutubu. Mimi hadithi zangu, yeye nywele zake. Nakiri nilisita. Nyumba yake ni ya udongo na nyasi, babu aliijenga kwa mikono yake enzi za kulima tumbaku. Kwa ajili ya nyumba hiyo ningesema hata kwamba nimezaa na joka.

Kukhu akakaa kitako. "Nitubu viazi?" akauliza. Kisha akaanza kukunja nguo zake. "Nitaenda nyumbani kwangu. Wakitaka kuchoma, wachome nikiwaona."

Tukaenda wote. Alasiri tulipoingia uani, tulikuta wanatungoja: mjomba, mzee wa kijiji, majirani, na vijana wamekaa kwenye mawe karibu na jiko. Kati ya majirani alikuwepo huyo dada mtu, amekunja mikono.

Mzee wa kijiji alikuwa mtu wa haki, lakini alikuwa na wasiwasi. "Mama, tumesikia unakusanya nywele za watu."

"Ndiyo."

Watu wakaguna.

"Za nini?"

"Za fuko."

Kijana mmoja akacheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. "Fuko gani anasuka nywele, kukhu?"

Sijui nini kilinishika. Au najua: ni lile neno kukhu, alilitumia akimtisha. Nikafungua mkoba nikatoa makasi yangu ya kazi. Nywele zangu zilikuwa ndefu. Nilikuwa nimezifuga tangu niache shule, nazo ndizo zilizoniletea wateja. Walikuwa wakinyooshea kichwa changu kidole na kusema, nataka hivyo. Nikakata tuta la kwanza la nywele. Kisha la pili, nikaendelea.

"We msichana!" mjomba akasema.

"Mnasema anakula roho? Aanze na yangu. Nampa mwenyewe, kwa hiari, na nyote mko hapa. Kaeni mshuhudie nikifa."

Kukhu alilia. Lakini hakuwalilia wao. "Nywele nzuri hizo, mtoto wangu! Nzuri hivyo!" Halafu, kwa kuwa yeye ni mkulima, akapangusa macho na kukunjua leso. "Haya, usimwage. Lete huku."

Akatangulia shambani, umati nyuma. Akatafuta kichuguu kipya cha fuko, akakifukua kwa fimbo, akasukuma nywele zangu tunduni, akafunika na kukanyaga kwa mguu wake mzima. Sote tukasimama tukiangalia ardhi. Nafikiri hata mimi nilikuwa nangoja kitu. Upepo ukanipita kichwani, mahali ambapo haukuwahi kufika.

"Na fuko atakufa?" akauliza mtoto mmoja.

"Atahama."

"Aende wapi?"

Kukhu akaelekeza fimbo upande wa ua, kwa yule jirani. Watu wakacheka, mara hii kicheko cha kweli, na wale vijana pia.

Mzee wa kijiji akakohoa. "Mimi nimeona tundu na nywele. Aliyeona kingine aseme sasa." Akangoja. "Basi asiguse mtu nyumba hii. Ikiwaka, nitajua nianzie wapi." Akawatazama vijana mmoja mmoja mpaka wakainuka.

Nilibaki Malakisi nikimlinda kukhu. Usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu, ila nyasi za paa zilibaki nyasi. Kisha asubuhi moja yule jirani akaja uani. Alisimama sana kabla ya kukohoa.

"Mulembe, mama. Zile dawa zako... zimebaki?"

Fuko walikuwa wamehamia kwake.

"Usimpe!" nikasema kabla kukhu hajafungua mdomo. "Huyu ndiye aliyeleta maneno!"

"Aliyaleta," kukhu akasema. "Leo ameleta shida ya fuko. Hakuja na kiberiti." Akamgeukia. "Zimeisha, mwanangu. Lakini huyu mjukuu wangu ana makasi."

Jirani akashika kilemba chake. Nilimwona akiwaza, na nilijua anachowaza, kwa sababu ni kile kile wanachowaza wote wakitoka saluni na tishu mkobani. Alitazama barabarani kama kuna mtu. Kisha akakifungua, akaketi kwenye kigoda cha kukhu, akainamisha kichwa.

Nilimkata nikiwa na hasira, nakiri, lakini kichwa chake nilikishika taratibu, mkono wangu haujui kufanya vingine. Nywele zote nikamwekea mwenyewe mapajani, nisije nikasingiziwa. Alizitazama kwa muda. Akazigawa mara mbili, nusu akaikunja kwenye kanga yake, nusu akamnyooshea kukhu.

"Na za kwako, mama. Wasije wakarudi."

Kukhu akazipokea kwa mikono miwili.

Pole hakusema. Aliniambia nimsawazishie upande wa kushoto.