Vilima vya Njia ya Kericho

Safari ile ya dakika ishirini na tano iligharimu mbuzi jike mmoja mwenye mimba, yaani mbuzi wawili ukihesabu sawasawa, na mlipaji ni mimi ambaye sikupanda ndege.

Aliyepanda ni mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Miaka hiyo ya sitini mimi nilikuwa nikipeleka vinyago vya mawe ya Tabaka, huko Kisii, hadi Kericho kwa basi. Yeye alikuwa mkalimani wa daktari mmoja mzungu mwenye kindege chake. Sabato moja, baada ya ibada, tulikutana ukweni, upande wa Nyamira. Nyumba ile ilikuwa na kiti kimoja tu chenye mgongo, na kwa miaka minne nilikikalia mimi, kwa sababu sikuwahi kufika bila sukari. Siku hiyo mwanyumba alifika mikono mitupu, akasema ameruka kutoka kiwanja cha majani cha Kisii hadi kile cha mashamba ya chai Kericho kwa dakika ishirini na tano. Baba mkwe akaniomba nisogee. Nikahamia kigoda.

Kigoda chenyewe kilikuwa kifupi, magoti yakakaribia masikio. Kutoka huko chini nikabisha. Sisi watu wa milimani hatupimi mwendo kwa maili, tunapima kwa vilima, na njia ya Kericho ilikuwa na vilima thelathini na kimoja; nilivihesabu kwenda, nikavihesabu kurudi. Basi zima lilikuwa likiugua katika kila kimoja. Kindege chepesi kama bati kingevipanda vyote na kuvishuka vyote kwa muda wa kuchemsha ndizi? Nikasema kwa uchache ni saa mbili, nikaweka mbuzi. Kwa kuwa ilikuwa Sabato hatukuita dau, tuliita ushahidi.

Saa ya mkononi alikuwa nayo baba mkwe, kwa hiyo shahidi akawa yeye. Hapo ndipo sikuhesabu mara mbili. Shahidi lazima awe ndani ya ndege, na nyuma ya daktari nafasi zilikuwa mbili tu.

Basi siku ya safari nikabaki ukingoni mwa kiwanja, nimeshika bakora ya mzee, baada ya kufukuza ng'ombe ili mwenzangu apate kuruka. Ndege ikaelekea Nyamira. Baadaye nilisikia kwamba ilipopita juu ya boma, mama mkwe, ambaye kwa heshima zetu za ukweni hajawahi kunitazama usoni, alitoka uani akaipungia leso.

Waliporudi, mzee alitembea kama kijana. Akanionyesha saa.

"Mwanangu," akasema, "hatukupanda hata kilima kimoja. Vyote vimelala chini kama ndizi kwenye mkungu."

Hata bakora yake hakuiulizia.

Nikampeleka mbuzi kwa mwanyumba, na muda si mrefu akazaa. Sabato iliyofuata nilimkuta mwanyumba ukweni ameegemea kitini, anakunywa chai ya sukari yangu, na mzee anawasimulia majirani habari za mawingu. Nikakisogeza kigoda karibu naye.

"Mwanyumba," nikamwambia polepole, "tulishindania mbuzi mmoja. Wa tumboni hakubishana na mtu juu ya ndege, lakini naye kaa naye. Kiti je? Kiti hatukukishindania. Nirudishie, hata kwa Sabato moja."