Mupunga wa Shimo la Choo

Tuk-tuk, tuk-tuk: hata leo nikifunga macho nasikia muchi wa bibi ukipiga kinu, hapa hapa Kindu. Juzi mutoto wa jirani, ambaye anajua muchele wa gunia tu, aliniuliza mupunga ni kitu gani. Basi rafiki, yote yakarudi, na harufu yake ikarudi nayo.

Bibi alikuwa na sheria. Ukiwa shambani njo mupunga; ganda likitoka njo muchele; moto ukipita njo wali. Ukikosea jina, unashika muchi. Neno mupunga, alisema, lilitoka Pwani kwa miguu pamoja na waungwana, watu wa misafara, waliobeba mbegu, "na neno bila mbegu ni kinywa kitupu."

Vita ilipofika, wenye bunduki walipora hata chumvi. Bibi akatia mbegu yote ndani ya bidoni, lile dumu la mafuta, akaifunga kwa mupira, akaishusha kwa kamba ndani ya shimo la choo. Mimi njo nilikuwa naivuta kila juma, tuioshe, mbegu ipate jua. Eee! Funza walipanda kwenye kamba mupaka vidoleni. Nilitapika, nikacheka, nikatapika tena.

Siku moja askari wakaingia uani.

"Mama, mupunga iko wapi?"

"Iko kule nyuma, baba. Tanguliza pua."

Mumoja alichungulia, akatema mate, wakaondoka wakimutukana. Bibi akanigeukia. "Umeona? Leo uchafu njo mulinzi wetu."

Vita ilipopoa tulipanda, tukavuna. Siku ya wali mupya majirani walilamba vidole. Mimi nilitazama sahani tu. Kila punje niliona funza. Na bibi alinipakulia wa kwanza, maana mimi njo nilivuta kamba! Nilingoja ageuke, nikawamwagia kuku. Alipoona sahani tupu alipiga vigelegele: "Sasa mujukuu wangu anajua wali njo nini." Alikufa akiamini hivyo.

Leo shamba lake limejaa nyumba za mabati, na muchele unashuka na magunia ya ng'ambo, mweupe, hauna harufu ya kitu chochote. Jana nilipata kikombe kimoja cha mupunga wa shamba, kutoka kule Kailo. Nikautwanga ndani ya kinu cha bibi, kile kilichopasuka mudomo, nikaupepeta, nikaupika. Ile harufu ya choo ilinipanda puani, kweli. Jikoni hapakuwa na muntu. Nikala wali wote kwa mukono, bila mboga, bila kuziba pua.