Walikata Mti Wapate Jina Lake

Nianze na tonton, maana hasira yangu inaanzia kwake. Ni mdogo wa mama, mwindaji, na watu wa mjini wanaochunguza miti humkodi awaongoze msituni upande wa Yanonge. Kazi yake naiheshimu: anachanja gamba la mti kwa panga, ananusa, analamba utomvu, kisha anataja jina. Hakosei. Siku ile alikwama, na hakuwa na ujasiri wa kusema.

Alikuwa na profesa mmoja na wafanyakazi wake wawili. Walikuta mti umechanua maua meupe, juu kabisa. Tonton akachanja, akanusa. Hakuna harufu. Akalamba. Wapi! Profesa akafurahi, eti labda mti huu haujawahi kuandikwa popote.

Haujaandikwa! Huo ulikuwa mti wa mama. Bibi ndiye aliyemwachia. Kila mwaka mbinzo, wale viwavi tunaowakausha na kuwauza, hushukia hapo, na wanawake wa kwetu huujua mti kwa mbinzo wake, si kwa gamba. Mambo ya mbinzo wanaume hawaulizi. Miti mingine ya namna hiyo iko ng'ambo ya kijito, na miguu ya mama haifiki tena huko. Huu mmoja tu ndio ulikuwa umembakia. Tonton alijua kwamba wa kuulizwa ni dada yake. Aka! Mwanaume anayelipwa kwa kujua miti, aende kuuliza wanawake wa mbinzo? Akamwacha profesa aamini hivyo.

Shina lilijaa siafu, hakuna aliyetaka kupanda. Bon, wakaukata. Mti mzima, kwa ajili ya tawi moja la maua! Mama na mimi tulisikia shoka tukiwa shambani. Nilikimbia nikipiga kelele, nikakuta uko chini, na wale watu wanapanga maua ndani ya magazeti, taratibu, eti yasikunjike. Nilimtukana tonton matusi ambayo mtoto hamtukani tonton wake. Akaanza kufunga mizigo.

Mama akafika nyuma yangu, anahema. Aliutazama mti, hakulia. Profesa, mtu wa adabu kweli, akafungua daftari lake.

"Pole, mama. Muti hii kwenu inaitwa namna gani?"

Mama akafungua mdomo. Nikamshika mkono kwa nguvu, nikajibu mimi: "Hatujue. Andika vile."

Akaandika vile. Tonton alijua kwamba nimedanganya, akaendelea kufunga mizigo.

Njiani nilijiona nimewakomesha. Nilingoja mama anisifu. Badala yake akasimama katikati ya njia.

"Ulinifunga kinywa juu ya nini?"

"Mama, walikukatia muti yako!"

"Muti walikata wao. Jina ilikuwa ingali yangu, nilitaka kuipatiana mimi mwenyewe. Ile umekata weye."

Tonton sijamsamehe, na sina mpango. Lakini yale maua, nasikia, yamekauka ndani ya kabati la ofisi moja hapa mjini, Makiso, na kikaratasi kinasema jina halijulikani. Napita mbele ya mlango ule kila wiki nikienda sokoni. Sijaingia.