Kabati na Mzee Wake

Walimwita Kabati, na aliyemwona akijibana kupita mlangoni hakuuliza sababu. Alikuwa mlinzi wa Mkubwa, yaani kiongozi wa nchi, na kazi aliifanya kwa moyo wote. Chai ya Mkubwa alianza kuionja yeye, kiti alianza kukikalia yeye. Viti kadhaa vilivunjika, na kila mara Mkubwa alimshukuru kwa kumwepusha na ajali.

Balaa lilianzia magotini. Mkubwa aliumwa magoti, ikawa taabu kwake kusali. Badala ya kumwita daktari, akatangaza kwamba ibada ya kweli ni ya wima. Wapiga magoti wakafungiwa nyumba zao za ibada, wakachapwa, wakatiwa ndani. Unaweza kucheka, lakini watu walizikwa kwa sababu ya magoti ya mtu mmoja.

Kabati alizaliwa kwa wapiga magoti. Siku moja kaka yake, fundi cherehani, alimwita dukani akafunga mlango.

"Mdogo wangu, sisi hata kumsogelea hatuwezi. Wewe unamfunga vifungo vya koti."

"Lakini kaka, yule mzee hajanikosea kitu mimi."

"Mama yuko ndani kwa kusali, na wewe unaonja chai. Usipommaliza, usiniite kaka tena."

Kabati alilia, akajifuta machozi kwa suruali ya mteja. Kisha akakubali.

Siku ya siku, Mkubwa alikuwa akishuka ngazi za bunge huku akipungia watu mkono. Nyuma yake, Kabati akachomoa bastola. Mlinzi mwenzake akageuka, akaona mdomo wa bastola tu, akapiga ukelele: "Silaha!"

Masikini Kabati. Neno hilo alifundishwa tangu ujana wake: ukilisikia hufikiri, unamrukia Mkubwa na kumfunika. Basi akaitupa bastola, akaruka. Alimfunika Mkubwa gubigubi, hata viatu havikuonekana.

"Tulia, mzee wangu," alimnong'oneza. "Nipo hapa. Hakuna atakayekugusa."

Na alikuwa akisema kweli kabisa. Ila walipomwinua Kabati, na ilibidi waitwe watu wa kutosha, Mkubwa alikuwa ameshakata roho. Mbavu hazikuhimili.

Serikali ikamvisha Kabati nishani kwa kujitoa mhanga. Bastola ikasemekana ni ya adui aliyetoroka. Kiongozi mpya, mwenye magoti mazima, akawafungulia wafungwa, mama naye akarudi nyumbani. Wapiga magoti wakajaa dukani kwa fundi kumpongeza shujaa wao.

"Umetukomboa, mdogo wangu," kaka yake alisema akimkumbatia.

"Kaka, mimi nilikuwa namwokoa."

Duka zima likaangua kicheko. Fundi akawaambia wageni kwamba huyu tangu utotoni hajui kujisifu. Kabati alisimama katikati yao akipigwapigwa mabega. Alimpenda yule mzee, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumpa pole.