Watatu Kwenye Kinu

Makopa yakitwangwa hutoa harufu ya vumbi lililochachuka, harufu inayoingia puani asubuhi na kukaa humo mpaka jioni. Kwa asiyeyajua, makopa ni muhogo uliomenywa, ukakatwa na kuanikwa juani hadi ukakauka kama chaki, nasi tuliokulia Mtwara tulishiba ugali wake kabla hatujajua kusoma. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa, harufu hiyo ilinitia hofu kuliko mbwa wa jirani na kuliko mwalimu wa hesabu. Ilimaanisha kwamba uani kwetu, pale Magomeni ya Mtwara, wanawake wawili walikuwa wamesimama kwenye kinu kimoja, nami niliamini kabisa kwamba mmoja wao angechukuliwa ghafla na mwingine angeachwa. Hofu hiyo niliipata kanisani, mahali ambapo watu huenda kutafuta amani.

Sisi hatukuwa wenyeji. Baba alikuwa karani wa bandarini, amehamishiwa Mtwara kutoka Njombe, na Mama alimfuata akiwa na mablanketi matatu ambayo joto la pwani liliyafanya kichekesho. Ndugu zake wote walibaki kule kwenye baridi, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Aliyemwokota katika upweke ule ni Muaziza, mke wa fundi uashi; wao walikuwa wamepanga chumba kingine katika nyumba ileile. Muaziza alizaliwa ng'ambo ya Mto Ruvuma, Msumbiji, akavuka akiwa msichana wakati watu wa kwao wakikimbia vita. Hakujaliwa mtoto. Aliswali, alifunga Ramadhani, na kila Krismasi aliila pilau yetu kwa raha kuliko mchungaji wetu. Alimwita Mama "dada," nami nilimwita mama mdogo. Yeye ndiye aliyemfundisha Mama kupika kisamvu cha nazi, kumchagua samaki kwa kumtazama jicho, na kutwanga kwa kupokezana: huyu akishusha mchi yule anainua, wala michi haigongani hata wakiwa wanacheka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, ingawa kwetu aliyepona alikuwa mgeni.

Mwaka huo, mvua za kwanza zilipoanza na mabibo ya mwisho yakiozea chini ya mikorosho, alikuja kanisani kwetu mwinjilisti mwenye semina ya siku saba kuhusu siku za mwisho. Alikuwa na shuka jeupe lenye maua pembeni, na katikati ya maua hayo kulichorwa mnyama wa vichwa saba na pembe kumi. Wakubwa walikuja kusikia habari za vita, njaa na matetemeko. Sisi watoto tulikuja kumwona mnyama. Siku ya tano aliliweka shuka kando, akafungua Injili pale ambapo Yesu anawaeleza wanafunzi wake jinsi atakavyorudi. Watu watakuwa katika shughuli zao za kila siku, alisema, na wanawake wawili wanaosaga pamoja watatenganishwa, mmoja achukuliwe na mmoja abaki. Akaongeza kwamba watu wa zamani walisaga kwa mawe, lakini kwa hapa kwetu tuseme wanatwanga. Angejua alichokifanya kwa kutusaidia kuelewa, nadhani angeyaacha mawe yabaki mawe. Nilimgeukia Mama. Alikuwa akiandika kwenye daftari lake, ametulia kama anayeandika mahitaji ya sokoni.

Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Meli ikipiga honi bandarini nilidhani ni parapanda, nikakimbilia uani kuhesabu watu. Mara moja nilitoka shule nikaikuta nyumba tupu, sufuria inachemka jikoni na hakuna mtu. Nikakaa kizingitini nikalia kilio cha msiba, nikijua kwamba unyakuo umepita na mimi nimeachwa na sare yangu ya shule, mpaka Mama akatokea chooni akiuliza nani amekufa. Nacheka ninapoandika haya, ila siku ile sikucheka. Na kuachwa mimi mwenyewe hakukuniuma kama lile jingine. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: Mama amebatizwa, ni shemasi, ana daftari, mama mdogo hana hata kimoja katika hivyo. Basi siku hiyo ikifika, Mama ataondoka na Muaziza atabaki amesimama peke yake, mchi mkononi, akimwita dada yake asiyeitika. Nilimpenda sana Muaziza. Niliomba kila siku kwamba asiachwe, lakini dua la kuku halimpati mwewe, na nilijiona kuku kwelikweli.

Nilipoona maombi hayanitulizi, nilificha mchi mmoja nyuma ya pipa la maji ili wasiweze kutwanga wawili. Siku ya kwanza walimlaumu fundi uashi. Siku ya pili Mama alinikuta nimeinama kwenye pipa, akachukua ufagio ili anifunze adabu, na Muaziza akamshika mkono. "Mwache kwanza, dada," alisema. "Ntoto hafichi kitu bila sababu." Nikaeleza yote kwa kwikwi. Mama alitazama chini kwa haya, maana nilikuwa nimetamka mchana kweupe kwamba rafiki yake hatakwenda mbinguni, na maji yakimwagika hayazoleki. Muaziza hakukasirika. Alifikiri kwa makini, kama mtu anayetajiwa bei ya samaki.

"Hicho kitabu chenu kimesema wanawake wawili?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama mdogo."

"Hakikusema watatu?"

"Hapana."

"Basi kuanzia leo tunatwanga watatu. Ukiwepo wewe, sisi hatumo kwenye maneno hayo."

Akamwomba mumewe anitafutie mchi mdogo, na kwa msimu ule wote nilikuwa mtu wa tatu. Nilitoka shule mbio, nikatupa madaftari kitandani na kwenda kusimama kati yao. Mwanzoni niliharibu kila kitu; mchi wangu uligonga yao, unga ukaruka, viganja vikatoka malengelenge. Lakini mtoto hujifunza upesi kwa watu wanaomcheka bila kumdharau. Muaziza aliimba nyimbo za Kimakua, Mama akaitikia kwa tenzi za kwao, na ajabu ni kwamba pigo la michi lilizibeba zote mbili. Mama alisema mara moja tu kwamba Maandiko hayachezewi. Hata hivyo nikichelewa alinisubiri, na makopa yaliyokuwa tayari yakasubiri pia. Nilitembea kifua mbele uwanjani kwa sababu nilijua siri kubwa: nilikuwa nimemzidi Mungu kwa hesabu.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya mwezi wa tatu. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima na habari za Ruvuma kufurika zilikuwa midomoni mwa watu. Watoto wa Shule ya Jumapili tulialikwa kuimba katika kanisa moja Nanyamba, nami niliwekwa mstari wa mbele kwa ajili ya urefu wangu, yaani ufupi. Sikutaka kwenda. Nilimshika Muaziza kitenge, nikamtaka aniahidi kwamba hawatatwanga mpaka nirudi. "Nenda ukaimbe, mwanangu," alisema. "Unga upo wa kutosha." Na kweli ulikuwepo. Lakini saa nne wageni wawili wa Baba walifika bila taarifa, na mgeni haelezwi habari za unga. Mama na Muaziza wakatoka uani, wakasimama kwenye kinu, wawili. Walikuwa katikati ya kazi alipoingia mpwa wa Muaziza na baiskeli yenye matope mpaka kwenye usukani. Alileta habari kwamba mama yake Muaziza, kule ng'ambo, amezidiwa na anamuulizia. Muaziza akaweka mchi chini, akanawa mikono, akabadili kitenge. "Malizia, dada," alimwambia Mama. "Jumatano nitakuwa nimerudi." Hayo yote nimeyapata kwa Mama, kwa sababu saa hiyo mimi nilikuwa Nanyamba na soksi nyeupe za kuazima, nikiimba kwamba tuko tayari.

Jumatano ilipita. Ijumaa tukasikia kwamba mtumbwi mmoja uliokuwa ukivusha watu Jumamosi jioni ulipinduka karibu na mdomo wa mto, pale maji ya mafuriko yanapokutana na maji ya bahari yanayojaa. Wengine waliokolewa, wengine hawakuonekana. Hakuna aliyeweza kusema kama Muaziza alipanda mtumbwi huo au mwingine. Mpwa wake alimwacha kivukoni akiwa kwenye foleni, akarudi na baiskeli. Fundi uashi alikwenda kutafuta mara tatu. Ng'ambo walimwambia hakufika. Mtu mwingine alisema alimwona mwanamke kama yeye sokoni, mbali, akinunua chumvi. Hakukuwa na mwili wala kaburi, na hitma ilisomwa kwa kusitasita, kana kwamba waliokuja walikuwa wakimwomba radhi. Baada ya miezi michache fundi alifunga vitu vyake, akahama bila kutuambia anaelekea wapi.

Watu walilia kama watu wanavyolia. Mimi nilikuwa na kilio changu ambacho hakikuwa na mwenzi. Mambo yalikuwa yametokea vilevile mwinjilisti alivyoeleza, isipokuwa yalikuwa yamegeuka. Nilimwendea Mama, aliyekuwa akipepeta, nikamuuliza: "Mama, aliyechukuliwa ni mama mdogo. Kwa hiyo sisi ndio tulioachwa?" Ungo ulisimama, kisha ukaendelea. Nikamuuliza Baba, akasema mto ni mto. Nikamuuliza mzee mmoja wa kanisa, akanishika kichwa na kunieleza kwamba neno lile ni la kiroho na nisilichanganye na ajali. Lilikuwa limeshachanganyika, na mimi sikuwa na chekeche la kulitenganisha. Hatimaye nikamwambia Mama lile lililonichoma kuliko yote, kwamba nisingekwenda Nanyamba tungekuwa watatu. Nilitaka aniambie nimekosea, kwamba ni upuuzi wa kitoto, hata anichape ikibidi. "Na mimi nisingetwanga," akasema. Hapo ndipo nilipotambua kwamba naye alikuwa ameuamini mchezo wetu, pengine kuliko mimi, na kwamba hakukuwa na mtu mzima yeyote wa kunishika. Kinu alimpa mtu. Tangu hapo tulikula unga wa mashine.

Leo umri wangu umempita Muaziza wa siku zile. Ninaishi Likombe, hapahapa Mtwara, ninafundisha Shule ya Jumapili, na Mama, ambaye sasa ni mjane na miguu inamsumbua, anakaa nami. Nikiwa mtoto niliusikia utabiri ukiwa umechorwa kwenye shuka lenye maua, ukanitoa jasho. Siku hizi unakuja kwenye simu na muziki wake, na watu wanausikiliza huku wakimenya vitunguu. Vita vimerudi ng'ambo ya mto. Watu wanavuka tena na mafurushi na watoto mgongoni, kama alivyovuka yeye, na ndugu katika Kristo wananitumia picha zao wakiandika kwamba dalili zinatimia. Lisemwalo lipo, kama halipo laja; sibishi. Naamini Bwana atarudi, na imani hiyo sijaipoteza mahali popote. Nilichopoteza ni uwezo wa kufurahi ninaposikia kwamba mmoja atachukuliwa. Watoto wangu wa Jumapili wakiniuliza kuhusu mstari ule, nawasomea, nawaeleza kwamba tukeshe, kisha nafunga kitabu mapema kuliko inavyotakiwa. Mama kila akikutana na mwanamke aliyetoka ng'ambo humuuliza kama amewahi kumsikia Muaziza, mke wa fundi, asiye na mtoto. Wanatikisa kichwa kwa adabu. Nami nasimama pembeni na mfuko wa mchele niliowaletea, nikijua kwamba mchele ndio uwezo wangu wote.

Jumapili iliyopita mhubiri mgeni alihubiri habari hizohizo. Mwishoni akasema kila anayetaka kunyakuliwa siku ile asimame, na kanisa zima likasimama, watoto juu ya mabenchi, wazee wakiegemea fimbo zao. Mama alibaki ameketi. Nilidhani ni miguu, nikamshika kwapani nimwinue, akautoa mkono wangu taratibu. Tulipofika nyumbani nilimuuliza kwa nini, mtu aliyekuwa shemasi miaka yote ile. Alikuwa akivua viatu na hakuinua uso.

"Nyinyi nendeni," alisema. "Muaziza akirudi akute wote tumeondoka, nani atampokea?"

Mistari ya kumjibu ninaijua, na ni mingi. Nilivipokea viatu vyake, nikaviweka karibu na mlango.